Kifaranga wa Boksi Hana Mama Ila Wewe

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Mara nyingi nimewasikia akina mama wenzangu wakiitaja methali hii wanaposimulia jinsi vifaranga walivyowaishia. Mmoja huitaja akicheka, mwingine machozi yakimlenga. Uchungu wao naufahamu, lakini sikubaliani na namna tunavyoitumia methali yenyewe, kana kwamba kufa kwa vifaranga ni jambo lililoandikwa kwenye paji la uso la mtu maskini. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu imenifundisha kwamba kabla ya kusema "ni mapenzi ya Mungu" yafaa kwanza kuuliza: Je, alipata joto? Alikula? Alichanjwa? Usiku ule nani alikuwa anamwangalia?

Hapa Njombe akina mama wengi siku hizi wananunua vifaranga wa siku moja. Hao ni kuku chotara walioanguliwa kwa mashine, wakasafirishwa kwa basi ndani ya boksi lenye matundu. Kifaranga huweza kustahimili safari hiyo kwa sababu muda mfupi kabla ya kuanguliwa hufyonza kiini cha yai kilichobaki, nacho humtunza kwa siku mbili hivi bila kula. Lakini hiyo ni akiba ya chakula tu. Akiba ya joto hana.

Mtazame kuku aliyeangua mwenyewe. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 41, na watoto wakisikia baridi anatandaza mbawa, wanaingia. Anawaonyesha cha kudonoa. Mwewe akipita anatoa sauti, nao wanajificha. Wiki zikipita, anaanza kuwadonoa na kuwasukuma mbali ili wajitegemee. Bwana Yesu mwenyewe, alipoeleza alivyotamani kuwakusanya watu wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku huyo na mbawa zake. Basi, anayenunua vifaranga wa mashine amenunua yatima. Kuwapa joto, kuwalisha, kuwalinda na kuwaachia kidogo kidogo, zote zinakuwa kazi zake.

Mwaka juzi mama mmoja wa kikundi chetu cha usharikani, mjane mwenye watoto watatu, alikopa fedha za kikundi akanunua vifaranga 50. Alikusudia mayai yawanunulie watoto sare na madaftari. Kwa siku 20 aliwalea vizuri, akapoteza watatu tu. Ndipo zikaja siku mbili za jua. Mkaa ulikuwa umemwishia, nyumba inanuka, na vifaranga wanarukaruka kama kuku wakubwa. Akawahamishia wote kwenye banda la nje. Usiku ule ukungu ukashuka. Asubuhi aliwakuta wamelaliana kwenye kona, wa chini wamekosa pumzi, wa juu wamekakamaa kwa baridi. Walibaki tisa.

Katika mkutano wa kikundi wapo waliosema mama huyu hana bahati na kuku, asikopeshwe tena mpaka alipe deni. Mwingine akanong'ona habari za jirani mwenye jicho baya. Niliomba nafasi nikasema kwamba vifaranga wale hawakurogwa, walipigwa baridi, na kwamba mtu anayejua sababu ya hasara yake ni mkopaji mzuri kuliko asiyeijua. Tulibishana sana. Mwishowe kikundi kilikubali kumpa vifaranga 20, na mimi nikapewa kazi ya kumtembelea. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafuata.

ANDAA KABLA HAWAJAFIKA

Anayeanza aanze na wachache. Ishirini au thelathini wanatosha kabisa kukufundisha. Tena piga hesabu ya chakula kabla ya kuagiza vifaranga. Hadi wiki ya nane kila mmoja atakula karibu kilo 2. Vifaranga 20 ni kilo 40, na vifaranga 50 ni kilo 100, yaani mifuko miwili mikubwa. Wengi wetu tunamaliza fedha zote kwenye vifaranga, kisha wiki ya tatu chakula kinakatika.

Mahali pa kulelea, ambapo wengine huita bruda, pawe mviringo usio na kona. Vifaranga wakiogopa au wakisikia baridi hukimbilia kona na kulaliana. Zungushia maboksi, ubao mwembamba au bati, kimo cha sentimita 45 hivi. Chini mwaga maranda makavu, unene wa sentimita 5 au zaidi. Kwetu maranda yanapatikana kwenye mashine za mbao, na penye mpunga pumba zake zinafaa pia. Unga wa msumeno usitumie, kwa maana wataudonoa wakidhani ni chakula. Siku tatu za kwanza tandika juu yake boksi lililokunjuliwa au gunia safi. Gazeti tupu halifai, linateleza, na miguu ya kifaranga hupanuka ikaharibika.

Washa joto saa kadhaa kabla hawajafika, ili maranda na hewa vipate moto. Wakifika, wape maji kwanza, yenye uvuguvugu na glukosi kidogo. Mchukue mmoja mmoja, umchovye ncha ya mdomo kwenye maji hadi ameze. Hiyo ni kazi ambayo mama yao angeifanya. Baada ya saa moja au mbili, wawekee chakula kwenye sinia au kifuniko cha boksi.

WAANGALIE, WATAKUAMBIA

Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza karibu nyuzi 3 kila wiki. Wengi wetu hatuna kipimajoto, lakini vifaranga wenyewe ni kipimajoto. Wakisongamana karibu na moto wakilia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mbawa zimeinuka, wanaungua. Wakijazana upande mmoja tu, tafuta ufa unaoingiza upepo. Wakitawanyika, wengine wakila, wengine wamelala, na sauti zao za chini na za kuridhika, nenda kalale.

Usiku wa kwanza, washike wachache na uguse mfuko wa chakula chini ya shingo. Ukiwa umejaa na ni laini, amekula na kunywa. Ukiwa mtupu, hajajua bado, mwonyeshe tena. Ukimwona mwenye kinyesi kilichoganda nyuma hata kuziba, usikibandue kwa nguvu. Kilainishe kwa pamba na maji ya vuguvugu, umkaushe, umrudishe penye joto.

Urefu wa siku za joto hutegemea mahali. Mwenzako aliye Dar es Salaam au Tanga huenda akaacha moto wa mchana katika wiki ya tatu. Huku kwetu nyanda za juu, vifaranga waliofika mwezi Juni au Julai wanaweza kuhitaji moto wa usiku hadi wiki ya sita. Usifuate kalenda ya shangazi aliye pwani.

JIKO LA MKAA LINAWEZA KUUA

Hapa nasema kama muuguzi. Nilipomtembelea yule mama mara ya kwanza, alinionyesha mahali alipowalelea vifaranga 50. Palikuwa kona ya chumba wanacholala watoto wake, na jiko la mkaa liliwaka usiku kucha, dirisha likiwa limefungwa. Nilishukuru Mungu kwamba tulikuwa tunazungumza habari za kufa kwa kuku tu.

Mkaa unapowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na mkaa ukishakuwa mwekundu usio na moshi bado unaitoa. Mtu aliyelala haamki kukohoa. Huumwa kichwa, hulegea, na huweza kufa usingizini. Kwa hiyo mtu yeyote asilale chumba kimoja na vifaranga wanaopashwa joto kwa mkaa, hata kwa usiku mmoja wa baridi kali. Washia jiko nje hadi moshi uishe, ndipo uliingize. Acha nafasi ya hewa juu, karibu na dari, ambapo upepo hauwapigi vifaranga. Zungushia jiko wavu ili wasiungue na maranda yasishike moto. Vifaranga nao hufa kwa hewa hiyo kama watu.

Tulihamishia kazi yote kwenye jiko la nje. Mumewe alikuwa amelijenga vizuri kwa matofali, na lilikuwa na uwazi chini ya paa. Tulitenga kona moja mbali na mafiga. Mama huyo aliamka mara mbili kila usiku kwa wiki mbili, akamwachia binti yake mkubwa zamu ya alfajiri. Nyumba yenye baba, baba naye ashike zamu yake. Wangu hulalamika, lakini huamka.

Jambo jingine ni watoto wadogo. Kifaranga anaonekana safi na mzuri, mtoto atataka kumbusu. Lakini kifaranga mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoleta homa na kuharisha, na walio chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi. Kila aliyewashika anawe kwa sabuni. Vyombo vya vifaranga visioshwe pamoja na vyombo vya kulia.

CHAKULA, MAJI NA CHANJO

Kwa wiki nane za mwanzo wape chakula cha vifaranga, kilicho na protini ya kutosha, karibu asilimia 20. Pumba peke yake hushibisha tumbo lakini haioteshi manyoya, na manyoya ndiyo blanketi watakayotoka nayo nje. Chakula cha kuku wanaotaga usiwape, kina chokaa nyingi inayoharibu figo zao. Maji yawe safi, yabadilishwe kila siku. Kwenye sahani pana weka mawe madogo, wasizame.

Maranda yakilowa, yaondoe siku hiyo hiyo. Unyevu na joto ndivyo vinavyokuza vijidudu vya kuharisha damu, ugonjwa unaopenda sana vifaranga wa wiki ya tatu hadi ya sita. Ukiona damu kwenye kinyesi na vifaranga wamejikunyata, mtafute afisa mifugo mapema, kwani dawa ipo. Lakini usiwawekee viuavijasumu majini kila siku "kwa kinga". Hospitalini tunakutana na vijidudu vilivyokwisha kuizoea dawa, na matumizi kama hayo ni njia mojawapo ya kuvizoesha.

Mdondo, ambao wengine huita kideri, hauna dawa. Una chanjo. Ratiba inayotumika na wengi ni hii: mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, kisha ndui wiki ya 6 hadi ya 8 kwa kuchoma kwenye ngozi ya bawa. Baada ya hapo mdondo hurudiwa kila miezi 3. Muulize afisa mifugo wa kata yako, anajua magonjwa ya eneo lenu. Tunza chanjo kwenye ubaridi, kama tunavyotunza zile za watoto kliniki. Chanjo iliyokaa juani kwenye kiti cha basi haimkingi kuku hata kama umeilipia. Ya kunywa, ichanganye na maji yasiyo na dawa ya kusafishia, na iishe ndani ya saa mbili. Majirani mkiungana mnaweza kugawana chupa moja.

KUWATOA NJE NI KAMA KUACHISHA ZIWA

Mama hamwachishi mtoto ziwa kwa siku moja. Anampa uji, anapunguza mchana, mwisho usiku. Vifaranga nao wanaachishwa moto kwa utaratibu huo huo: kwanza mchana, baadaye usiku.

Usihesabu wiki tu, angalia manyoya. Mabawa huota kwanza, ndiyo maana kifaranga wa wiki tatu hurukaruka na kutudanganya kuwa amekua. Mshike, pulizia kifuani na mgongoni. Ukiona manyoyamanyoya laini ya utotoni, bado. Kuanzia wiki ya tano au ya sita, kifua na mgongo vikiwa vimefunikwa vizuri, yuko tayari kwa safari ya nje ya kudumu.

Matembezi mafupi yanaweza kuanza wiki ya nne. Chagua siku kavu isiyo na upepo. Ngoja umande ukauke na ukungu upande, kwetu ni kama saa 4 asubuhi. Siku ya kwanza dakika 30, siku ya pili saa moja, halafu ongeza. Wingu likifunga, warudishe. Mvua ikiwanyeshea, wakaushe na uwashe moto hata kama ulikuwa umeshaacha. Watengenezee kizimba chepesi kisicho na sakafu, chenye wavu pande zote na juu, nusu yake kivuli. Mwewe na kunguru hutoka juu, kwa hiyo uzio wa pembeni peke yake ni kuwaandalia meza. Kisogeze kila siku, na kiweke mahali ambapo kuku wakubwa hawajachakura karibuni.

Wakati huo huo, ndani unapunguza moto. Wakilala wiki nzima bila moto na asubuhi umewakuta wametawanyika, wahamishie bandani. Wahamishe asubuhi, wapate mchana mzima wa kujifunza nyumba mpya, tena uende na vyombo vyao vile vile vya chakula na maji. Ziba kona kwa maboksi ili wasilaliane. Weka kichanja kifupi, sentimita 20 au 30 kutoka chini. Usiku wa kwanza na wa pili nenda na tochi. Ukiwakuta wamerundikana, watawanye kwa mkono, taratibu. Usiku wa namna hiyo ndio uliomgharimu mwenzetu vifaranga 38.

Wafungie humo siku 3 hadi 7 waipokee kuwa kwao. Kisha fungua jioni, saa moja kabla ya giza, wakiwa na njaa. Gongagonga kopo la chakula unapowalisha kila siku. Ukiligonga jioni hiyo watarudi mbio. Hesabu kabla ya kufunga mlango, na funga kabla jua halijazama. Usiku ni wa kicheche, paka na panya, kwa hiyo tundu lolote linaloingia vidole viwili lizibe. Penye siafu, mwaga majivu kuzunguka banda na uangalie kila jioni.

Usiwachanganye upesi na kuku wakubwa. Wakubwa hubeba magonjwa bila kuonyesha, tena hudonoa. Watenganishe kwa wavu wiki mbili au zaidi, waonane tu, na usiwaunganishe kabla wadogo hawajakaribia kimo cha wakubwa. Nafasi pia ipimwe: hadi wiki ya nne vifaranga 20 hadi 25 kwa mita moja ya mraba, wakikua nusu ya hapo, na wakubwa watano hadi saba tu.

Yule mama alipoteza wawili kati ya wale 20, mmoja siku ya pili na mwingine kwa panya. Kumi na wanane walifika bandani katika wiki ya saba. Majogoo aliwauza, akapunguza deni la kwanza. Mitetea ilipoanza kutaga alileta trei moja kwenye kikundi, hakusema neno, akaiweka mezani. Deni bado halijaisha lote, lakini hakuna tena anayemwita mtu asiye na bahati.

UKIANZA, ANZA NA DAFTARI

Kliniki kila mtoto ana kadi yake. Kundi lako la vifaranga nalo liwe na daftari. Andika tarehe waliyofika, idadi, chakula kilichonunuliwa na bei, kila chanjo na siku yake, na siku ulipozima moto. Kifaranga akifa, usimtupe kwa siri kama aibu. Andika umri wake, hali ya hewa ya usiku ule, na jinsi ulivyomkuta: kwenye kona, kwenye maji, mwenye damu, mwenye jeraha. Kisha mzike mbali na banda au mchome, mbwa wasimfukue.

Daftari hilo ndilo utakaloenda nalo kwa afisa mifugo, na ndilo utakaloweka mbele ya kikundi ukiomba mkopo wa pili. Wenzako nao wajifunze kulisoma kabla ya kutamka kwamba fulani ana mkosi.